Nyuzi Moja Tu

Jirani yangu, muungwana asiyepata kupigilia msumari pasipo kujiponda kidole, aliposikia ya kuwa msumeno wa umeme wa kukatia pembe hupatikana Kariakoo kwa bei nafuu, alifunga safari alfajiri, akarejea adhuhuri amekumbatia sanduku kama bwana arusi, na moyoni amekwisha kuwafilisi mafundi seremala wote wa Keko. Mwenye duka alimwapia kwamba alama ya nyuzi 45 ni 45 kamili; naye, kwa haya, hakuthubutu kuihakiki kwa guni. Ilikosea nyuzi moja tu, dhambi ndogo ya kusameheka. Lakini fremu ya picha aliyoiunda ina mikato minane, miwili kila kona, na hesabu, isiyo na rehema, ilizijumlisha zikatimu nyuzi 8, kona ya mwisho ikaachama kama mamba aotaye jua. Diski nayo, ya meno 24, inayofaa mbao za kupaulia, iliutafuna mninga wa fremu hiyo kama panya. Baada ya isha aliitwa kwa siri fundi wa Keko, akaja na msumeno wa mkono na kisanduku cha kukatia pembe, alichokiunda mwenyewe kwa vipande vitatu vya mbao.