Maziwa Yanapopanda

Maji yakichemka, mapovu hupasuka juu na mvuke ukaenda zake. Maziwa hayana ustaarabu huo. Yakifika nyuzi 70 hivi, protini zake huanza kubadilika, zikakusanyika juu pamoja na mafuta na kufanya utando. Mvuke unaotoka chini hukuta mlango umefungwa. Mapovu nayo, yakiwa yameshikwa na protini, hayapasuki upesi. Hulundikana, na ghafla sufuria iliyokuwa nusu inafurika.

Kiwandani maziwa hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15, na kipimajoto kinasimamia. Nyumbani kipimajoto hakuna. Dalili inayotegemewa kwamba maziwa yamechemka ni huko kupanda kwenyewe. Mpishi basi hulazimika kungoja ajali ianze ndipo ajue kazi imekwisha, kisha azime moto kabla ajali haijakamilika. Muda wote anaosimama na mwiko mkononi, hakuna kinachotokea. Ndipo mtu anapopiga hodi, au mtoto anapotaka kujua kalamu yake iko wapi, na maziwa nayo yakapanda. Maziwa hayana masikio, ingawa aliyezoea kuyachemsha hatakubali hilo kirahisi.

Kwenye jiko la mkaa, maziwa huangukia makaa, majivu yakaruka na kutua ndani ya yale yaliyosalimika. Harufu hufika kwa jirani, naye huuliza kwa upole kama chai iko tayari. Kwenye jiko la gesi hali inaweza kuwa mbaya zaidi, maana maziwa huweza kuuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka. Hapo utani hukoma: gesi hufungwa, milango na madirisha hufunguliwa, na hakuna kuwasha kiberiti wala kugusa swichi ya taa mpaka harufu iishe. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Maziwa huzoleka, ila kwa kisu. Yakiwa hayajakauka, kitambaa chenye maji hutosha. Yakishakaukia kwenye bati la moto, sukari yake huungua na protini hung'ang'ania. Dawa ni kungoja jiko lipoe kiasi cha kushikika, kulaza juu yake kitambaa kilicholoa maji ya sabuni, na kukiacha kifanye kazi ambayo mkono ungeifanya kwa hasira. Kichwa cha jiko la gesi hutolewa na kuoshwa, kisha vitundu vyake huzibuliwa kwa pini. Kijiti cha meno hakifai: hukatikia ndani, na tatizo moja likawa mawili. Kirudishwe kikiwa kikavu.

Sufuria yenyewe ina siri yake. Maziwa yaliyobaki humiminwa kwenye chombo kingine bila kukwangua chini, la sivyo chai yote itakuwa na ladha ya moshi. Ukoko unaobaki hulowekwa, kisha husuguliwa kwa dodoki na majivu. Magadi huung'oa vizuri, lakini huifanya sufuria ya alumini iwe nyeusi, na maelezo mapya yatahitajika kwa mwenye sufuria.

Mahali panaposahauliwa ni chini ya jiko. Hapo ukaguzi hufanywa kesho yake na sisimizi, ambao hawajawahi kukosea.