Nani Amechora Kitabu Hiki?

Kijijini kwetu Ekerenyo, mtu akikusanya ng'ombe anaeleweka. Akikusanya mashamba ya majani chai anaogopwa. Mimi nakusanya vitabu vya wanaanga, toleo la kwanza, vyenye sahihi ya mwandishi mwenyewe, na kwa hiyo naombewa.

Tatizo ni hiyo sahihi. Shangazi yangu alifundisha darasa la tatu mpaka akastaafu, na kwake kitabu hakichorwi. Siku aliyofungua Carrying the Fire cha Michael Collins, kile cha mwaka wa 1974, akakuta wino umejikunja kwenye ukurasa wa mbele, aliuliza kwa sauti ya gwaride: "Nani amechora kitabu hiki?"

Nikamweleza kwamba ni mwenyewe aliyekiandika, yule aliyebaki akizunguka mwezi peke yake mwaka wa 1969 huku wenzake wawili wakitembea juu yake.

Akatazama tena. "Basi hana nidhamu. Hata jina halisomeki."

Niliporudi kutoka sokoni alikuwa amekijalidi kwa karatasi ya kaki, pembe zimekunjwa sawasawa, jina langu na la kijiji juu. Ile karatasi ya nje yenye picha, ambayo kitabu kikiivua sehemu kubwa ya bei huondoka nayo, niliikuta kabatini imetandikwa chini ya vikombe vya wageni. Shangazi alisema ilikuwa inateleza mno, haifai kitabu.

Vitabu vyangu huja kupitia Minnesota, kwa sababu Mkisii asiye na ndugu Minnesota bado hajazaliwa. Msafiri hupewa begi la kilo 23, na ndani yake ukoo mzima una viatu. Nilimwomba binamu aninunulie Return to Earth cha Buzz Aldrin, cha 1973, chenye sahihi, hela zikitoka kwenye bonasi ya chai. Akaona chenye sahihi kinauzwa mara nyingi zaidi ya kisicho nayo. Binamu ni mhasibu. Alinunua kisicho nayo, akatia sahihi mwenyewe, majina yote matatu, nambari ya pasipoti na tarehe, "ili kisipotee uwanja wa ndege". Chenji alinirudishia, jambo ambalo katika historia ya ukoo wetu lilistahili kitabu chake.

Sahihi ya Neil Armstrong sina. Mwaka wa 1994 aliacha kusainia watu, baada ya kugundua kwamba sahihi zake zinauzwa ghali na nyingine zinaghushiwa. Hata hivyo hakupona. Mwaka wa 2005 alipata habari kwamba kinyozi wake kule Ohio alizoa nywele zake sakafuni akaziuza dola 3,000. Kisa hiki nilikisimulia kwa kinyozi wetu pale stendi, naye akanyamaza muda mrefu kabla ya kuuliza kama nywele ziliuzwa kwa kilo. Siku hizi diwani akiinuka kitini, ufagio hupita polepole sana.

Halafu kuna sahihi zisizo za mtu. Barua za mashabiki zilikuwa nyingi mno, hivyo NASA ilitumia mashine iliyoshika kalamu na kuiga mkono wa mwanaanga. Njia moja ya kuikamata ni kuchukua sahihi mbili, kuzilaza moja juu ya nyingine na kuziinua kwenye mwanga: zikilingana mstari kwa mstari, ni mashine, maana mkono wa binadamu haujirudii hivyo. Siku niliyojaribu, stima ilikuwa imepotea, nikatoka nje kutafuta jua kabla mvua ya alasiri haijafika. Jirani aliniona nimeinua karatasi juu, jicho moja nimefumba, kama karani wa duka anayepima noti ya elfu. Kufikia jioni Ekerenyo ilijua kwamba nachapisha pesa. Kuna waliokasirika, lakini wengi zaidi walikuja kukopa, tena kwa heshima ambayo sijawahi kuipata.

Jirani huyohuyo alibisha hodi mapema Januari 2025. Tarehe 30 Desemba pete ya chuma ya kilo 500 hivi, upana wa mita mbili na nusu, ilikuwa imeanguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi.

"Wewe ndiye una mawasiliano ya hao watu," alisema. "Ikianguka kwenye majani chai yangu, analipa nani?"

Nikamwambia wanaanga wanaandika vitabu tu, hawatupi vyuma. Tena Armstrong alifariki 2012 na Collins 2021.

"Warithi wapo," akasema, akatoa karatasi aliyoipasua kwenye daftari la mtoto. Alikuwa ameorodhesha bei ya kila shina la chai, migomba, na kuku mmoja ambaye mimi najua alikufa Krismasi. "Wasaini hapa chini. Na iwe kwa mkono, si ile mashine yako."