Mwongozo wa Mkurugenzi Anayeipenda Demokrasia

Shefu wangu, una ofisi ya serikali pale Goma, mgombea ni shemeji yako, na wafanyakazi wako ni watu wa vichwa vigumu. Usihangaike. Mji uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, lakini mabwana wa mji hubadilika, tabia za ofisi hubaki. Kura itarudi siku moja. Ikukute umejinoa.

1. Isome sheria, ujue pa kupenyea.
Kifungu cha 193 cha Katiba ya Kongo ya 2006 kinasema utumishi wa umma hauna chama, na hakuna ruhusa ya kuugeuza chombo cha mtu au cha kikundi. Kifungu cha 36 cha sheria ya uchaguzi, nayo ya 2006, kinakataza kutumia mali, fedha na wafanyakazi wa serikali katika kampeni. Adhabu yake ni mgombea kufutwa. Hapo soma mara mbili: anayefutwa ni shemeji, si wewe. Umeona? Tayari unapumua.

2. Anza na kilicho halali.
Mwachie kila mfanyakazi nafasi ya kwenda kupanga foleni, bila kumuuliza anampa nani kura, na hakuna atakayekugusa. Mwaka 2018 kura ilipigwa Jumapili, tarehe 30 Desemba, kwa hiyo ukarimu wa wakubwa haukuonekana. Mwaka 2023 iliangukia Jumatano, tarehe 20 Desemba. Jumatano ni mali, shefu! Bandika tangazo lenye mhuri mkubwa: “Kwa huruma ya Mkurugenzi, kesho hakuna kazi.” Haki yao wenyewe, lakini imepita mkononi mwako, na mkono wako umepata sifa.

3. Usimlipe mtu apige kura. Mlipe transport.
Yule anayekaa mlango wa pili na kituo cha kupigia kura, mpe pesa ya pikipiki ya kwenda mji wa Sake na kurudi. Akiuliza, mwambie barabara ni mbaya. Hilo hakuna mtu wa Goma atakayelibishia.
Usiige Wamarekani. Kwao, katika uchaguzi wa kitaifa, ni kosa kumlipa mtu ili apige kura, hata usipomtajia jina la mgombea. Mwaka 2008 Starbucks waliahidi kikombe cha kahawa ya bure kwa aliyepiga kura. Sheria ilipokumbushwa, wakalazimika kummiminia kila aliyeomba, awe amepiga au hakupiga. Ukimpa kila mtu, shemeji atapata faida gani?

4. Lipa deni, liite zawadi.
Huu ndio moyo wa mwongozo, kwa hiyo kaa vizuri. Kununua watu kwa pesa yako ni ghali. Wanunue kwa pesa yao. Ile prime yao, posho ya kazi ya miezi mitatu iliyolala, usithubutu kuiamsha mapema. Kampeni haizidi siku 30, na hufungwa saa 24 kabla ya kura. Isubiri wiki ya mwisho.
Siku hiyo, weka meza barazani. Mhasibu na daftari lake, kalamu imefungwa kwa uzi isitoroke, na ukutani, kwa bahati tu, kalenda yenye sura ya shemeji. Anayetia sahihi anapokea bahasha na kipande cha kitenge juu yake. Kagua noti za dola moja moja: yenye mpasuko mdogo kama ukucha iondoe, maana hata mama muuza samaki wa sambaza ataikataa, na aliyekataliwa noti sokoni hana kura ya kukupa.
Usiseme “mchagueni fulani.” Hiyo ni kampeni. Sema tu, “Mheshimiwa amewakumbuka.” Watu watapiga makofi. Wengine watalia. Hakuna atakayeuliza prime hiyo ilikuwa wapi tangu Septemba.

5. Kagua vidole, kwa adabu.
Aliyepiga kura huchovywa kidole kwenye wino. Kesho yake asubuhi simama mlangoni, msalimie kila mmoja kwa mkono, ushikilie mkono kidogo, utazame ukucha. Lakini usikasirike haraka. Mwaka 2023 tume ya uchaguzi, CENI, iliongeza siku ya pili kwa vituo ambavyo havikufunguliwa siku ya kwanza, kwa hiyo kidole kisafi kinaweza kuwa cha mkweli. Na katika maeneo ya Masisi na Rutshuru uchaguzi haukufanyika kwa sababu ya vita. Mtu aliyetoka huko ana sababu nzito kuliko yako.

6. Usiache karatasi.
Tarehe 5 Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, mawaziri na magavana wakiwemo, kwa tuhuma za udanganyifu, rushwa na mengine ya namna hiyo. Watu wakubwa, ushahidi mwingi. Wewe daftari la bahasha liite orodha ya mahudhurio, na sahihi ya mwisho chini iwe ya katibu wako. Ndiyo maana ya kugawana madaraka.

7. Jiandae kushindwa.
Hapa ndipo demokrasia inapokosa shukrani. Kifungu cha 5 cha Katiba kinasema kura ni siri. Mfanyakazi wako anaingia peke yake, anagusa kioo cha mashine, karatasi inatoka, anaikunja, anaitumbukiza sandukuni. Amevaa kitenge cha shemeji, mfukoni ana bahasha ya shemeji, na amempa kura mwingine. Ukimfikiria vizuri, hakukuibia kitu: ile ilikuwa prime yake.
Usimfukuze. Matokeo yakitoka, wahi kwa mshindi kabla ya saa mbili asubuhi, bila kitenge. Mwambie kwamba ni ofisi yako iliyowapa wananchi nafasi ya kwenda kupiga kura wakiwa huru kabisa. Atakuamini, mshindi huamini kila anayempongeza.
Na prime ya Januari? Iache ilale. Miaka mitano si mingi.