Mchezaji wa Pili

Katika kila nyumba iliyowahi kuwa na gemu ya padi mbili, palikuwa na mtu wa padi ya kwanza na mtu wa padi ya pili, na jambo hilo halikupigiwa kura. Ya kwanza hushikwa na aliyetangulia kuzaliwa. Kwetu Ngamiani, Tanga, huyo alikuwa kaka yangu.

Mashine aliileta mjomba kutoka Muscat, ameizungushia blanketi ndani ya sanduku, pamoja na udi na maziwa ya unga. Haikuwa Famicom yenyewe, ile ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Ilikuwa ndugu yake wa kambo: umbo lile lile, nyeupe na nyekundu ile ile, jina la aliyeitengeneza halionekani juu wala chini. Ilikuja na kaseti mbili. Moja iliandikwa kwamba ina gemu 9999999, na tulipoanza kuzipitia tukakuta ni zile zile chache, zinajirudia kwa majina mapya. Ya pili ilikuwa na gemu moja tu. Hiyo ilikuwa Contra.

Konami waliitoa Contra mwaka 1987 kwa mashine za kuchezea za kutumbukiza sarafu, mwaka uliofuata ikaingia kwenye Famicom. Askari wawili, Bill na Lance, wanapambana na viumbe waliotoka nje ya dunia. Una roho tatu, na kila roho inatoka kwa risasi moja. Hakuna kujeruhiwa, hakuna kuugua. Bill, wa suruali ya buluu, ni wa mchezaji wa kwanza. Lance, wa nyekundu, alikuwa wangu. Eti hao wawili ni maswahiba.

Kwanza padi zenyewe. Kwenye Famicom, padi ya pili haina Start wala Select. Mahali pake Wajapani waliweka kipaza sauti kidogo. Gemu chache sana zilikitumia. Kwenye Zelda ya kwao uliweza kupiga kelele ukaua aina fulani ya majini yenye masikio makubwa, zaidi ya hapo kilikaa tu. Kwa hiyo mchezaji wa pili alipewa sauti, akanyimwa uamuzi. Hawezi kuanzisha mchezo, hawezi kuusimamisha akaenda kujisaidia. Na kwenye mashine yetu ya kambo hata sauti yenyewe hakupewa: palichorwa vitundu vya kipaza sauti kwenye plastiki, nyuma yake hamna kitu. Mimi nilikuwa nikipiga kelele humo humo.

Bibi alikuwa mtazamaji wetu wa kudumu, amekaa kwenye mkeka na chano chake cha mchele. Mara ya kwanza alipotuona tunapuliza kaseti kabla ya kuichomeka, akafurahi. "Mmesoma nini kabla ya kupuliza?" Tukamwambia hatujasoma kitu, tunatoa vumbi. "Basi ndiyo maana haiwaki." Siku hizi mafundi wanasema kupuliza hakukuwa na faida yoyote, mate ya mtu yanaozesha vile vyuma, dawa ilikuwa kuchomoa na kuchomeka upya tu. Hakuna aliyetwambia. Tulipuliza mpaka vichwa vikazunguka.

Alichokipinga Bibi kwenye Contra hakikuwa bunduki. "Hao watoto wa nani wanakwenda vitani vifua wazi? Wavalisheni mashati!" Maombi yake yalijibiwa Ulaya, tena kupita kiasi. Mwaka 1990 gemu hiyo iliuzwa kule kwa jina la Probotector, na Bill na Lance wakaondolewa kabisa, wakawekwa maroboti, kwa kuwa Ujerumani ilikuwa kali juu ya watoto kucheza kuua binadamu.

Kwenye ugomvi wetu alikuwa upande wa kaka, na hakuuficha. Kaka alikuwa "mume wangu", mimi nilikuwa "mke mwenza". Sasa mke mwenza atapata haki kwa nani?

Steji ya kwanza ni msituni, mnakwenda kulia. Humo nilikuwa na nguvu kidogo, maana Lance akiganda ukingoni mwa kioo kushoto, picha haisogei, na Bill hana pa kwenda. Nilikuwa naganda kwa makusudi mpaka niahidiwe S. S ndiyo silaha ya watu: ukifyatua, risasi tano zinatawanyika kama kuku waliomwagiwa maji. Ahadi inatolewa, natembea, S inatokea, kaka anairukia. "Chukua L," ananiambia, "L ndiyo kali." L ni mwale mrefu, na ukibonyeza tena kabla haujafika, ule wa mwanzo unakatika na wa pili unaanza upya. Mtu mwenye kiherehere akishika L hamuui hata nzi, nami nilikuwa na kiherehere.

Lakini msiba wenyewe ulikuwa steji ya tatu, maporomoko ya maji. Pale hamwendi kulia, mnapanda. Mnaruka kutoka jiwe hadi jiwe, miamba inawaporomokea, na picha inamfuata aliye juu. Aliye chini, kioo kikimpita, amekufa. Hata kama amesimama kwenye jiwe ambalo sekunde moja iliyopita lilikuwa jiwe kamili na halina neno na mtu, madhali halionekani tena, limekuwa shimo. Kaka akiruka mara mbili, mimi nimezikwa. Narudi kutoka juu, nafumbafumba pale kwa muda ambao risasi hazinipati, natafuta pa kukanyaga, yeye ameruka tena. Roho tatu zote zinakwisha na adui hajanigusa.

"Ngoja!"

"Panda basi!"

"Ngoja kwanza!"

"Mume wangu," anasema Bibi, "mbona yule mwekundu anadumbukia dumbukia?"

Mtoto mmoja wa mtaani alirudi likizo kutoka Dar na siri, akaiuza kwa visheti: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Unapata roho thelathini. Mfumo huo aliubuni Kazuhisa Hashimoto wa Konami alipokuwa akiihamishia Gradius kwenye Famicom, kwa sababu gemu ilikuwa ngumu na mwenyewe alishindwa kuijaribu mpaka mwisho. Mkiwa wawili mnaongeza Select kabla ya Start, yaani hata msaada wenyewe unapitia padi ya kwanza. Kaka akaniongezea roho, nikashukuru. Baadaye ndipo nilipoelewa kuwa sasa anaweza kuniua mara thelathini.

Mashine ilikaa juu ya kabati la vyombo, pembeni ya televisheni, juu ya kitambaa alichokifuma Mama. Waya za padi zilikuwa fupi, tena hazichomoki. Zimezama ndani ya mashine. Na kaka alikuwa miongoni mwa watu ambao Bill akiruka, wao pia wanaruka, mikono juu. Jioni moja kabla ya saa mbili, tukihangaika kumaliza maporomoko kabla Baba hajaja kutafuta taarifa ya habari na kukuta chenga, Bill aliruka, kaka akaruka, mashine ikawafuata. Ilishuka na kitambaa, kitambaa kikashuka na vikombe, vikombe vikatua kwenye chano. Bibi alitumia siku ya pili yake yote kuchambua vigae kwenye mchele, na alichokuwa akikisema sikiandiki hapa.

Fundi redio alikaa nayo wiki nzima. Alipoirudisha ilikuwa inawaka, picha safi, ila waya wa padi ya kwanza ulikatikia ndani na hakuuweza. Padi ya pili ilikuwa nzima. Kaka akaninyang'anya, akachomeka Contra, majina yakatokea, akatafuta pa kubonyeza. Hapana Start. Akaigeuza, akaitazama mgongoni. Akapiga kelele kwenye vitundu.

Contra ukiiacha bila kuigusa, baada ya muda inaanza kujicheza yenyewe kwa maonyesho. Tukakaa mkekani tunatazama askari wakikimbia, wakiruka, wakifyatua, bila mkono wa mtu.

"Hapo sawa," Bibi akasema, akavuta chano chake karibu. "Leo hawagombani."