Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Bodi: naomba kuoneshwa ushahidi wa Tanbihi ya 34

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Niwie radhi kwa kukuandikia mbele ya watu. Maswali mawili niliyotuma kwa simu kabla ya mkutano mkuu wa mwaka huu hayakusomwa. Barua niliyoipeleka kwa mkono wangu ofisini kwa katibu wa kampuni iligongwa muhuri wa kupokelewa mwezi wa tano, na tangu siku hiyo sijapata jibu. Jina lako na la kampuni sitalitaja hapa, kwa heshima niliyo nayo kwako. Ukifika kwenye maghala utaelewa kwamba nasema nawe.

Mimi ni karani wa hesabu mstaafu. Nilifanya kazi miaka 31 katika kampuni ya kutoa mizigo hapa bandarini Kilindini. Hisa zangu kwenu ni 2,400, nilizonunua na marehemu mke wangu zamu yake ilipofika ya kupokea fedha za chama cha akina mama. Najua ni chache. Naomba kwa unyenyekevu unisikilize vilevile, kwa kuwa gawio la hisa hizo ndilo lililomalizia karo ya binti yetu wa mwisho, na nimekuwa nikiiombea kampuni hii mema kila mwaka.

Ripoti yenu ya mwaka huisoma asubuhi karibu na dirisha, kwa rula na kioo cha kukuzia, maana tanbihi huchapwa kwa herufi ndogo sana. Safari hii nilikwama ukurasa wa 118, kwenye Tanbihi ya 34. Ina mistari saba. Inasema kampuni imekodi maghala kutoka kwa kampuni nyingine ambayo mmoja wa wakurugenzi ana maslahi ndani yake. Kodi ya mwaka juzi ilikuwa shilingi milioni 41. Ya mwaka jana ni milioni 97. Mstari wa mwisho unasema shughuli hizo zilifanywa kwa masharti yaleyale ambayo angepewa mtu asiye na uhusiano wowote na kampuni.

Mheshimiwa, ni mstari huo wa mwisho ulioninyima usingizi.

Kiwango cha kimataifa kinachohusu jambo hili, IAS 24, hakikatazi kampuni kufanya biashara na mkurugenzi wake. Kinataka msomaji aelezwe uhusiano ni upi, fedha ni kiasi gani, deni lililobaki ni lipi na lina masharti na dhamana gani, na kama kuna sehemu ya deni hilo inayotiliwa shaka. Kisha kuna aya ya 23, ambayo ni fupi mno. Inasema kampuni inaruhusiwa kudai kwamba masharti yalikuwa kama ya watu wasiohusiana pale tu inapoweza kuthibitisha dai hilo. Kwa hiyo aliyeuandika mstari ule ametuambia sisi wenye hisa kwamba ushahidi upo. Naomba kuuona.

Nilipoajiriwa, mhasibu mkuu wetu alikuwa hasaini vocha yenye maneno "bei ya kawaida" mpaka iambatane na kotesheni tatu. Alinirudisha mjini kwa miguu, juani, kutafuta kotesheni ya tatu ya turubai za kufunikia mizigo, na bei ya turubai zenyewe haikufika hata shilingi elfu kumi. Nilimnung'unikia siku ile. Leo namshukuru. Kama turubai zilihitaji karatasi tatu, basi maghala ya milioni 97 hayawezi kukosa walau tathmini moja ya mthamini wa majengo asiye na undugu wala ubia na mwenye maghala.

Simtuhumu mtu, na nakuomba usinielewe hivyo. Huenda eneo la maghala limeongezwa, huenda mmewekewa vyumba vya baridi. Hilo lingeandikwa kwa mstari mmoja zaidi, nami ningefunga ripoti na kwenda zangu msikitini.

Hofu yangu ina sababu, na sababu zenyewe hazina hata miaka ishirini. Benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu tarehe 13 Oktoba 2015, wiki chache tu baada ya kuwauzia wawekezaji hatifungani za shilingi bilioni 2. Hesabu zake zilikuwa zikikaguliwa kila mwaka. Miezi sita baadaye ikafuata Benki ya Chase. Hesabu zake za mwaka 2015 zilipochapishwa upya, mikopo ya wakurugenzi na wafanyakazi ilionekana kuwa zaidi ya shilingi bilioni 13, zaidi ya maradufu ya ilivyoandikwa mara ya kwanza. Wenye akiba walizisoma tarakimu hizo wakakimbilia kwenye matawi, na tarehe 7 Aprili 2016 milango ikafungwa. Benki zote mbili ziliandika hesabu kwa viwango vya kimataifa, ambavyo Kenya imevifuata tangu 1999. Kilichofichika Chase hakikuwa fomula ngumu. Kilikuwa jibu la swali ambalo hata mwenye duka huuliza: ni nani katika watu wa nyumbani aliyechukua, na amechukua kiasi gani?

Ndiyo maana naisoma tanbihi ya wakurugenzi kabla ya ukurasa wa faida. Faida ina makadirio mengi ndani yake, na wasomi hubishana juu yake. Kodi ya ghala ni mkataba na risiti.

Lipo jambo jingine, nalo nalisema kwa adabu zote. Kanuni za utawala bora za Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, ambazo kampuni huambiwa izitekeleze au ieleze kwa nini haikuzitekeleza, zinataka mkurugenzi huru asikae kwenye bodi zaidi ya miaka tisa akiwa bado anaitwa huru. Mwenyekiti wa kamati yenu ya ukaguzi, kwa picha na tarehe zilizo kwenye ripoti yenyewe, amekaa kwenye bodi miaka kumi na miwili. Ni mtu muungwana, nimewahi kumsikia akizungumza. Lakini ndiye aliyepaswa kuuliza kuhusu maghala kabla yangu, na sikuona popote mlipoeleza kwa nini bado anahesabiwa kuwa huru.

Zamani mikutano ilipofanyika ukumbini, mtu aliinua mkono, akapewa kipaza sauti, na jibu likasikiwa na wote. Tangu 2020 tunakutana kwa simu. Nashukuru kwa sisi tulio mbali na Nairobi, ila swali likiachwa hakuna anayejua kwamba liliulizwa. Hilo nalo naliweka mikononi mwako.

Kwa hiyo, mzee wangu, nakuomba kabla ya mkutano ujao uagize tathmini ya kodi ya maghala iwekwe mahali ambapo kila mwenye hisa anaweza kuisoma, jina la mkurugenzi mhusika litajwe, na ielezwe kama alitoka chumbani bodi ilipopitisha mkataba. Kama tathmini haipo, nakuomba ule mstari wa mwisho wa Tanbihi ya 34 uondolewe katika ripoti ijayo, kwa kuwa bila ushahidi kiwango hakiruhusu uandikwe. Ukiona ni vyema kunijibu mimi mwenyewe, anwani yangu ipo kwenye daftari la wanahisa, na nipo nyumbani kila siku baada ya alasiri.

Wako mtiifu,
Mwenye hisa 2,400, Mombasa