Bei Isiyosikia: Barua kutoka London

Wapendwa wa Kariakoo, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba, na ninyi mliobanana Mtaa wa Kongo: mtu wenu wa London anawasalimu. Ni mzima, kavaa makoti mawili, na juzi alicheka peke yake ndani ya basi mpaka abiria wa pembeni akahama kiti. Kilichomchekesha ni habari ya duka.

Huku kuna maduka yanaitwa Poundland, nchi ya pauni. Yalianza mwaka 1990 kwa kanuni moja: sabuni pauni moja, soksi pauni moja, betri pauni moja. Ni ile ile "buku, buku, kila kitu buku" mnayoisikia kwenye spika kila kona, ila hawa wakaijengea paa na vioo. Miaka ikaenda, maisha yakapanda, vitu vya pauni mbili na vya pauni tano vikajipenyeza rafuni, jina likabaki mlangoni. Juni 2025, biashara ikiwa imedorora, wenye mali wakaiuza, maduka yapatayo 800, kwa kampuni ya Kimarekani ya Gordon Brothers. Kwa bei gani? Pauni moja. Ni bei ya kwenye karatasi tu, wenye kujua mahesabu wanafafanua, kwani mnunuzi kabeba na mzigo wa kulifufua duka lenyewe. Mtu wenu hakuwasikiliza. Yeye anataka kujua jambo moja: huyo mnunuzi alishindwaje kuuliza "mwisho ngapi?"

Tangu hapo amekuwa akilifuatilia neno lao la bei rahisi, "cheap", na ukoo wake wote.

Huko kwenu mtu hupanda juu ya kigoda akatangaza "bei chee", "bei poa", "bei ya kutupa", "karibu na bwerere", wala haoni haya. London ni shida kupata duka linalojisifu kwa neno "cheap". Kitu ni "affordable", mfuko wako unakiweza. Au bei yake ni "reasonable", yaani ina akili timamu. Au ni "good value". Hoteli ya kitanda kimoja na dirisha linalotazama ukuta ni "budget". Kiti cha ndege kinachokukunja magoti hadi kidevuni ni "economy". Halafu kuna "inexpensive", neno refu linalotumiwa sana na watu ambao cha ghali wangekimudu pia. "Cheap" yenyewe hutembea kwa tahadhari, na wa kumtazama ni mwenzi wake: "cheap and cheerful" ni sifa ya mgahawa mdogo unaoshibisha na kuchangamsha, "cheap and nasty" ni kiatu kinachoaga soli wiki ya kwanza. Na Mmarekani akimwita mtu "cheap", hazungumzii bei, anasema huyo ni bahili.

Bei za vitu vya wenzao nazo hawaziulizi. Kariakoo ukisifiwa shati, swali la pili ni "umechukua bei gani?", la tatu ni "duka lipi?", la nne ni "umepigwa". Huku ukisifiwa shati, unashukuru, mnaanza kuzungumzia mvua.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Katikati ya London, hatua chache kutoka kanisa kuu la St Paul's, ipo barabara inaitwa Cheapside. Mgeni hudhani ni upande wa vitu rahisi, mpaka asome bei za suti dirishani. "Ceap" katika Kiingereza cha kale ilikuwa biashara, mapatano, soko. Cheapside ndiyo iliyokuwa Kariakoo ya London katika karne za kati, na vichochoro vya pale bado vina majina ya mali zake: Bread Street kwa mikate, Milk Street kwa maziwa, Poultry kwa kuku. Mchuuzi wa kuzunguka na bidhaa aliitwa "chapman", machinga kamili, na kwake ndiko kulikotoka "chap", neno wanaloitana jamaa kwa jamaa. Ukipata kitu kwa bei ya kuridhisha ulisema umekipata "good cheap", biashara njema. Baadaye "good" ikadondoka njiani, "cheap" ikabaki peke yake, na taratibu ikaanza kutazamwa vibaya.

Mtu wenu alisimama pale akacheka tena, maana Kariakoo nalo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao, "Carrier Corps", walipiga kambi hapo, na midomo ya Waswahili ikamalizia kazi. Nairobi nako wana Kariokor yao kwa sababu hiyo hiyo. Basi wao wana barabara yenye jina la mapatano na hakuna anayepatana. Ninyi mna soko lenye jina la jeshi na kutwa nzima mnapatana bei ya vitunguu.

Sasa sikilizeni habari ya kimashine.

Jioni inapoingia, supamaketini hutokea mfanyakazi mmoja na kimashine mkononi. Anakipitisha juu ya pakiti, kinalia, kinatema kibandiko cha njano chenye neno "reduced", bei ya zamani na bei mpya. Kisa ni tarehe. Nchi hii vyakula vya pakiti vina tarehe, tena za aina mbili: "use by" ni ya usalama, ikipita usile, "best before" ni ya ubora, ikipita shauri yako. Kuku ambaye "use by" yake ni leo, mchana alikuwa na heshima zake zote. Jioni anaanza kushuka. Hashushwi kwa mkupuo. Mara nyingi bei hukatwa kidogo kwanza, kisha zaidi kadiri saa ya kufunga inavyokaribia.

Watazameni wateja sasa. Hakuna anayesogea. Mama mmoja anasoma maelezo ya pakiti ya tambi mara ya tatu. Mzee wa kofia anatafakari mtindi. Kijana anaongea na simu ambayo haina mtu upande wa pili. Wote wamepita tu, na nyayo zao zote zimeelekea kwenye kimashine. Kibandiko kikigusa nailoni, mkono unachomoza ubavuni, inasikika "sorry" ya chini chini, kuku hayupo. Hakuna aliyesema "nipunguzie, nina watoto". Hakuna aliyeapa kwamba duka la jirani anauzwa nusu ya hapo. Kuku kashuka bei mara mbili, na hakuna aliyefungua mdomo kuomba!

Mtu wenu husimama katikati yao ulimi ukimwasha. Amelelewa na mama aliyeweza kuondoka dukani mara tatu kwa doti moja ya kanga, na mara zote tatu akaitwa arudi. Kipaji hicho alichorithi hakina kazi hapa. Ukiondoka, hakuna anayekuita.

Mashine ya kujilipia nayo ina sauti ya upole, lakini upole huo haupunguzi hata peni. Inachojua ni kanuni zake. Mojawapo ni "meal deal": sandwichi, kinywaji na kitafunwa kwa bei moja ya pamoja. Ukichukua viwili ukaacha cha tatu, unaweza kulipa zaidi ya yule aliyebeba vyote. Mtu wenu, ambaye hapendi viazi vya pakiti, ana droo nzima ya viazi vya pakiti kazini.

Ndipo anapoona kwa nini hawa wana majina mengi hivi. Kariakoo bei inatembea, kwa hiyo neno moja linatosha, "punguza", mengine yatamalizwa na macho, utani na hatua za kuondoka. Huku bei imechapishwa, haiguswi, kilichobaki cha kusogeza ni maneno. Muuzaji hatashuka kutoka pauni 30 hadi 22, ila atashuka vizuri tu kutoka "affordable" hadi "great value", na mteja akajiona kapunguziwa.

Upande wa pili wa ukoo yupo "dear". Bibi wa Kiingereza akiona bei ya siagi husema "that's dear", ni ghali. Na barua za kiofisi huanza na "Dear" hiyo hiyo, kwa kuwa asili yake ni moja: chenye thamani, chenye kupendwa, chenye gharama. Waarabu walioleta "ghali" pwani nao humwita kipenzi chao kwa neno hilo. Kila bili ya umeme inamfikia mtu wenu ikianza na "Dear", na mpaka leo hajui kama anapendwa au anaambiwa ukweli.

Na "free" ina sheria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025, ndani ya England, maduka ya kati na makubwa hayaruhusiwi kutoa "nunua kimoja, cha pili bure" kwa vyakula visivyo bora kiafya vyenye mafuta, chumvi au sukari nyingi, kama biskuti na peremende. Migahawa ya ukubwa huo nayo imekatazwa kujaza soda ya sukari upya bila malipo. Sababu ni unene, hasa wa watoto, na mtu wenu hana ubishi. Anawaza tu afisa wa sheria hiyo akitua Kariakoo, ambako muuza maembe akishapokea hela hukutupia moja la nyongeza kwa sababu umemchekesha. Atamwandikia kosa gani?

Siku moyo ukimwelemea huenda Ridley Road, kule Dalston, au Rye Lane, Peckham. Huko matunda hupangwa kwenye mabakuli, na mwenye meza hupaza sauti: "Pound a bowl!" Nyanya bakuli moja, pilipili bakuli moja, ndizi za kupika zimelala pembeni. Hilo ni fungu, ndugu zangu. Ukilipa, bakuli linamiminwa kwenye mfuko mwembamba, na muuzaji anakuita "darling" bila kukujua, ukoo ule ule wa "dear". Mara moja moja ukichelewa ukafika wakikunja meza, unapata mabakuli mawili kwa bei ya moja, kwa mdomo, bila kibandiko. Siku hiyo mtu wenu hurudi nyumbani na nyanya nyingi kuliko anavyoweza kula, maana hakufuata nyanya.

Mwisho, mnaoagiza simu, acheni. Simu huku bei yake imebandikwa na haisikii la mtu. Ukiongeza nauli ya mzigo na ushuru, mtalia nyote. Nendeni Mtaa wa Aggrey, ulizeni maduka matatu kabla ya kutoa hela, daini risiti ya EFD na warantii ya maandishi. Anayekuja London mwezi ujao ambebee mtu wenu dagaa, nao awanunue kwa jumla.