Gari la Mama Mwalimu

Ukiwasikiliza madalali wa Dar es Salaam, kila gari lililotumika lilikuwa la mama mwalimu, aliyeliendesha kwenda kazini na kanisani tu. Sijui mishahara ya walimu ilipanda lini. Mita inasoma kilomita 68,000, lakini mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinachungulia. Mama ana mguu mzito!

Ukifika, injini ina moto tayari. "Nimekupashia, bosi." Ukarimu ulioje: ya baridi ingekohoa moshi wa bluu mbele ya mgeni. Eesi haipulizi? "Gesi tu hiyo." Fungua swichi kabla ya kuwasha: taa ya injini, inayotakiwa iwake kisha izime, haiwaki kabisa. Balbu imestaafishwa kabla ya mama mwalimu. Redio nayo imefunguliwa hadi mwisho, shokapu zisipate nafasi ya kuongea.

Kulijaribu ruksa, ila uzunguke hapo hapo uwanjani. Ukitaja barabara ya mashimo, au fundi wako mwenyewe, dalali ananuna: "Bosi, huniamini?" Halafu kuna mteja mwingine yuko njiani na hela taslimu. Tangu juzi yuko njiani. Huenda naye gari lake alilinunua hapa hapa.